Mchanga Kwanza

Mchungaji Jonah aliitoa picha katika bahasha ya kaki na kuipeleka dirishani. Kanisa zima likageuza shingo kumfuata. Ilikuwa karatasi ngumu ya plastiki, nyeusi, yenye vichwa vidogo vingi vilivyopangwa safu kwa safu kama mayai kwenye trei. Mwanga ulipopita ndani yake, vichwa vikaonekana kijivu na vyeupe, na akina mama wa mbele wakainuka kidogo kwenye mabenchi ili waone vizuri.

"Hiki ni kichwa cha ndugu yetu Musyoka," alisema mchungaji. "Mashine ya Nairobi imekikata vipande vipande bila kisu. Na hii hapa ni ripoti yenye sahihi ya daktari. Inasema hakuna ufa, hakuna damu, hakuna uvimbe. Kichwa ni kizima."

"Bwana asifiwe," watu wakaitikia.

Musyoka mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mbele, amevaa koti lake la harusi. Wengine walipocheka kwa furaha naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo, na wao walipokwisha kunyamaza yeye aliendelea. Ndinda, mkewe, alimwekea mkono juu ya goti. Akanyamaza.

"Mama Nthenya, simama," mchungaji akasema. "Tuambie Bwana amekutendea nini."

Ndinda alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo tangu utotoni, na hata shuleni mwalimu alikuwa akimwambia arudie. Aliwatazama waliokuwa mbele yake. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwa ametoa kitu ili picha ile ipigwe. Wengine walitoa mbuzi, wengine mbaazi, na mjane mmoja alitoa kuku aliyekuwa akiatamia. Kando ya dirisha alimwona mama mkwe wake, Kalunde, akifuta machozi kwa ncha ya leso. Ndinda alikuwa na maneno mengine aliyoambiwa na daktari, maneno yasiyokuwamo katika ile ripoti.

"Nawashukuru wote mliotuchangia," alisema.

Watu wakangoja. Mtu fulani nyuma akakohoa.

"Mungu awabariki," akaongeza, akaketi.

"Furaha imemshinda," mchungaji akasema kwa upole, na watu wakampigia makofi.

Kisha yakaja matangazo. Kisima cha kanisa, kilichosimama tangu Musyoka aliporushwa kutoka juu ya lori la mawe kwenye barabara ya Salama, kingeendelea kuchimbwa Jumatatu ya juma lililofuata. Kilikuwa kimeshapita futi arobaini, na udongo wa mwisho uliotolewa ulikuwa na unyevu. Musyoka angerudi juu kushika gogo la kuzungushia kamba, na mdogo wake Kisilu angerudi chini. Akina mama, ambao mwaka huo wa tisini na tano walikuwa wakiamka kabla ya jogoo kwenda kufukua mchanga wa mto wapate maji, walianza kuimba kabla ya mchungaji kumaliza kusema.

Ndinda aliimba pia. Naye alikuwa akiamka kwenda mtoni.

*

Nyumbani, Kalunde aliibandika picha ukutani kwa misumari miwili, juu ya kiti cha mwanawe.

"Sasa akija mtu kuuliza, ataona mwenyewe," alisema.

Musyoka alikula muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa, na alipomaliza akauvuta wa binti yake bila kumtazama. Nthenya alikuwa na umri wa miaka minane na alikuwa ameshajifunza kula haraka. Aliiachilia sahani, akainuka polepole na kwenda kukaa karibu na mlango. Alikuwa akikaa pale tangu siku ile mbuzi alipolia wakati baba akiwa amelala, na kikombe kikarushwa, kikampata yeye sikioni. Baadaye baba alimwuliza ni nani aliyemuumiza.

"Mpe mtoto chakula chake, Baba Nthenya," Ndinda akasema.

"Chakula gani?"

"Hicho."

Musyoka aliitazama sahani, akaisukuma, kisha akaanza kulia. Siku hizo alikuwa akilia namna hiyo, ghafla, na kuacha ghafla, kama mtu aliyeitwa.

Kalunde alingoja mpaka mwanawe alipotoka nje. "Unamfanya mtoto," alisema. "Unamvisha, unamwambia keti, simama, kula. Mwanamume akiambiwa keti kila siku ataketi. Huyu hakuwa mvivu. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Mwaitu, mama yangu, daktari alisema…"

"Daktari alisema nini? Si amesema pale." Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Au wewe umeona kitu ambacho mashine haikuona?"

Ndinda alikusanya vyombo. Daktari aliyewapokea Nairobi alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya uchovu, na alijitahidi kumweleza kwa Kiswahili. Picha hii, alisema, ni ya mifupa na damu na uvimbe, na huko kote ni salama. Lakini ndani ya ubongo mna nyuzi. Ni nyingi kupita hesabu, na ni nyembamba kuliko unywele, na ndizo zinazopeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtu akirushwa kwa kasi, ubongo hutikisika, na nyuzi hizo huvutika. Nyingine hukatika. Mashine yetu haiwezi kuziona.

"Hakuna mashine inayoziona?" Ndinda alikuwa ameuliza.

"Ng'ambo kuna watu wanajaribu. Nimesoma. Wanataka kuzipiga picha hizo nyuzi zenyewe, zinavyopita, kwa mashine ya sumaku. Labda siku moja itafika hapa. Leo siwezi kukuonyesha, mama. Naona tu anavyokaa, anavyojibu, na naona picha safi. Ninaamini anavyokaa."

"Nikifika nyumbani nitasema nini?"

Daktari alimrudishia ile bahasha. "Sema picha ni safi, lakini mgonjwa hajapona."

Ndinda alisema hivyo hivyo alipofika. Alisema yote mawili. Watu walichukua la kwanza wakaenda nalo.

*

Siku ya Alhamisi kanisa lilimtuma Musyoka mjini Sultan Hamud kununua kamba mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeliwa na panya ilipokuwa ikingoja. Mchungaji alisema Musyoka achague mwenyewe, kama kawaida. Ndinda alikwenda kumsindikiza.

Duka lilikuwa la Shamso, mama wa Kisomali aliyeuza misumari, karai, taa za chemli, dawa ya kupe na kila aina ya kamba. Alikuwa amemjua Musyoka kwa miaka mingi. Alipomwona mlangoni aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Fundi," alisema. "Walahi nilisikia umekufa."

"Mimi?" Musyoka akasema, akacheka. "Mimi sijafa. Mke wangu ndiye ananificha. Usiku hulala kwa mtoto. Ananiogopa. Muulize."

Wateja walikuwa watatu. Mmoja alikuwa jirani wa kule kijijini, na Ndinda alimwona akiangalia bei ya kufuli ambayo alikuwa amekwisha kuiangalia.

"Si ndiyo?" Musyoka akaendelea, sauti ikipanda. "Sema. Tangu mwezi wa kwanza hulali kwangu. Sema watu wajue."

"Tumekuja kununua kamba, Baba Nthenya."

"Kamba. Ndiyo."

Shamso alitoka nyuma ya meza na kumletea kigoda. Alimmiminia chai na kumpa mkononi, kisha akaongea na wale wateja mmoja mmoja, haraka, mpaka wakatoka. Alifanya hayo yote bila kumtazama Ndinda, na Ndinda alimshukuru moyoni kwa hilo kuliko kwa chai.

Mizunguko mitatu ya kamba ya katani ikatolewa na kuwekwa sakafuni mbele yake. Musyoka aliinyooshea kidole ya kwanza. "Hii."

"Hii?" Shamso akauliza.

"Hii."

Ndinda aliinama kuibeba. Shamso alimshika mkono taratibu.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mume wako akija hapa mimi huwa naagiza chakula cha mchana kabisa. Kwa nini? Kwa sababu atakaa. Ataifungua kamba msokoto kwa msokoto, urefu wote, aangalie ndani. Nje inaweza kuwa nzuri na ndani nyuzi zimeoza. Mara moja alinirudishia kamba nne. Nilimtukana siku hiyo." Alimtazama Musyoka, aliyekuwa akiitazama chai. "Leo hata hajaigusa."

Ndinda alichutama pale sakafuni. Aliishika kamba kwa mikono miwili na kuisokota kinyume, kama alivyomwona mumewe akifanya nyumbani, mpaka nyuzi za ndani zikafunuka. Ilikuwa nzuri. Aliendelea hatua moja zaidi, na nyingine. Shamso alichutama upande wa pili akamsaidia. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa kamba. Musyoka alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akauliza kama wamefika.

*

Kisilu alikuwa nyuma ya nyumba yake akinoa sururu.

"Shemeji," alisema. "Umeniletea kamba au umeniletea sheria?"

"Kamba iko kanisani."

"Basi ni sheria. Keti."

Aliketi juu ya jiwe. Kisilu alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na masikio yake yalikuwa na vumbi jekundu ambalo mkewe alisema halitoki hata kwa Krismasi. Tangu ujana alikuwa akishuka ardhini na kaka yake akimshusha. Watu walisema hawa wawili wana tumbo moja na kamba moja.

"Usishuke Jumatatu," Ndinda akasema.

Kisilu aliendelea kunoa. "Nani atashuka? Mchungaji? Na kitambi kile atakwama futi ya pili."

"Kisilu."

"Nimekusikia."

"Hayuko sawa. Wewe unajua. Ulikuja kumwona akakuita kwa jina la baba yenu. Jana alitoka kwenda kuleta kuni, nikamkuta amesimama njiani, kuni ziko chini, hajui alikuwa akienda au akirudi."

"Alikuwa amechoka."

"Jambo lolote likimgusa, analiacha lile aliloshika. Nimemtazama. Hawezi kushika vitu viwili kichwani. Na wewe utakuwa kimoja cha hivyo viwili."

Kisilu aliiweka sururu chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Unataka nifanye nini? Nisimame kanisani niseme ndugu yangu ni kichaa? Watu wameuza mbuzi. Picha imeonekana na kila mtu. Nikikataa kushuka nitakuwa nimesema mbele ya kijiji kizima kwamba Musyoka si mtu tena. Unajua atafanya nini nikisema hivyo? Atakaa ukutani mpaka afe. Kazi ndiyo itakayomrudisha."

"Na isipomrudisha?"

"Huyu mtu," Kisilu alisema polepole, "akishika ule mkono wa gogo hamsalimii hata mama yake. Mwaitu alikuja siku moja na uji, akamwamkia mara tatu. Hakugeuka. Aligeuka nilipotoka shimoni. Mwaitu alinuna wiki nzima. Huyo ndiye ninayemjua."

"Mimi pia nilimjua huyo."

Mahali fulani chini bondeni punda alilia. Ndinda alikuwa akiangalia mikono yake, ambayo bado ilikuwa na miiba midogo ya katani.

"Kamba ikiwa mpya mnafanya nini?" aliuliza.

"Unajua tunachofanya. Mchanga kwanza. Gunia zito kuliko mtu linashuka mpaka chini na kurudi. Kamba huijui kwa kuitazama. Unaijua kwa mzigo." Alisema hivyo kama mtu anayesoma kitu cha zamani, kisha akamtazama Ndinda usoni, maana alikuwa ameelewa alikokuwa akielekea.

"Hii ni mpya," Ndinda akasema. "Hakuna atakayeuliza."

"Kaka yangu hawezi kuangusha gunia."

"Basi litafika, na utashuka, na mimi nitakuomba msamaha mbele ya mama yako."

Kisilu aliokota sururu tena, akaijaribu ncha yake kwa kidole gumba. "Si magunia mawili," alisema. "Ni moja tu. Likirudi juu, nashuka. Na haya hatukuyasema."

"Hatukuyasema."

*

Jumatatu watu walikuja wengi kuliko waliohitajika. Akina mama walileta sufuria na kuni, wakawasha moto kando ya ukuta wa kanisa. Wanaume walisafisha mdomo wa kisima na kukaza magongo mawili yenye panda, na juu yake likalazwa gogo lenye mkono wa chuma wa kuzungushia. Kalunde alikuja na kiti chake mwenyewe na kukiweka mahali pa kuonea.

Musyoka alikuwa mchangamfu asubuhi hiyo. Aliamka peke yake na kuvaa peke yake. Walipomwambia ajaze gunia mchanga alilijaza vizuri, akalishindilia kwa ngumi, akashona mdomo wake kwa waya, na kulifunga kwa fundo la zamani la kazi yao, fundo ambalo Kisilu aliligusa akatabasamu. Ndinda aliona tabasamu lile. Moyo wake uliinuka, na kwa muda mfupi aliomba, kwa dhati, awe amekosea. Aliomba aaibike mbele ya watu wote wale.

"Haya, kaka," Kisilu akasema. "Polepole, kama ni mtu."

"Unanifundisha?" Musyoka akasema, na watu wakacheka kwa furaha, maana hiyo ilikuwa sauti yake ya zamani.

Alishika mkono wa gogo kwa mikono miwili, akatanua miguu. Gunia likainuliwa, likaning'inia juu ya shimo, likaanza kushuka. Gogo lililia taratibu. Mizunguko yake ilikuwa sawa, bila haraka. Kisilu alisimama upande wa pili wa mdomo wa kisima, akitazama chini, na kila baada ya muda alisema, "Ndiyo." Gunia lilipita ukingo wa udongo mwekundu, likaingia gizani. "Ndiyo," Kisilu akasema. Kalunde alikuwa akiimba kwa sauti ndogo, mikono imekunjwa mapajani.

Mchungaji Jonah alikuwa amechelewa. Alikuwa amepitia kwa mgonjwa mwingine, na sasa alikuja akitembea upesi kutoka barabarani, Biblia kwapani, uso umejaa furaha ya kuona watu wale wote na moto ule na kamba ikishuka. Aliwaamkia akina mama. Aliwaamkia wazee. Alifika mpaka kwenye gogo na kunyoosha mkono wake.

"Ndugu Musyoka. Hujambo?"

Musyoka aligeuka. Alimwona mchungaji wake, aliona mkono umenyooshwa, na kwa heshima yote aliyolelewa nayo akautoa mkono wake wa kulia, na wa kushoto akauweka chini ya kiwiko.

"Sijambo, Mchungaji," alisema. "Habari ya nyumbani?"

Mkono wa chuma ulizunguka kwa nguvu na kumpiga ubavuni, ukamtupa kando. Gogo likaunguruma. Kamba iliruka ikapungua mzunguko baada ya mzunguko, vumbi likafumka, na watu wakarudi nyuma. Kisha kishindo kikaja kutoka chini. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kizito, cha kitu laini.

Hakuna aliyesogea. Mchungaji alikuwa bado amenyoosha mkono wake.

Musyoka aliinuka kutoka mavumbini akishika ubavu. Aliangalia gogo tupu. Aliijua sauti ile. Alikuwa ameiogopa maisha yake yote ya kazi, na sehemu hiyo ya akili yake haikuwa imekatika. Alitambaa kwa magoti hadi kwenye mdomo wa kisima.

"Nani alikuwa ndani?" aliuliza.

"Ni mchanga, kaka," Kisilu akasema.

"Nani alikuwa ndani?"

"Ni gunia. Wewe mwenyewe ulilijaza. Nitazame, niko hapa."

Musyoka alimtazama. Alimtazama kutoka nywele hadi miguu, kisha akayarudisha macho shimoni na kuita, "Kisilu." Akangoja. "Kisilu, vuta kamba mara moja kama uko hai." Akaishika kamba iliyolegea na kuiweka kwenye shavu lake, akisikiliza.

Kisilu alizunguka shimo akamkumbatia kwa nyuma, akawa karibu kumbeba, na Musyoka hakuiachilia kamba. Iliwabidi wanaume watatu kumfungua vidole. Wakati huo wote Ndinda alikuwa amesimama pale pale, na watu waliomtazama walitazama pembeni upesi. Kalunde peke yake hakutazama pembeni.

"Ulijua," Kalunde akasema. "Ulitaka waone."

Ndinda alifungua mdomo. Angesema kwamba mwanao mwingine yuko hai, mwaitu, amesimama pale, mtazame. Lakini Kisilu alikuwa hai asubuhi, na alikuwa hai sasa, na hakuna aliyeshukuru kwa kitu ambacho hakikupotea.

"Ndiyo," alisema. "Nilijua."

*

Mchungaji alikuja nyumbani siku chache baadaye. Hakuingia mpaka alipokaribishwa mara mbili. Aliitazama picha ukutani kwa muda.

"Nilisoma nilichokiona, Mama Nthenya," alisema.

"Najua, Mchungaji."

"Ungeniambia."

"Niliwaambia. Nilisema picha ni safi, lakini hajapona."

Alikumbuka. Ilionekana usoni mwake kwamba alikumbuka, kwamba maneno hayo yalikuwa yamepita masikioni mwake. Alitaka kusali, akasali, na sala yake ilikuwa fupi na ilikwama mahali pawili. Alipoondoka Kalunde aliishusha picha bila kusema neno, akaikunja mara mbili ingawa haikutaka kukunjika, na kuiweka chini ya godoro lake. Tangu siku hiyo alizungumza na Ndinda kupitia kwa mtoto. Nthenya, mwambie mama yako chumvi imeisha.

Kisima kilimalizwa na mafundi kutoka Kitui. Kisilu aliwashukia shimoni, na mtu aitwaye Mulei, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote pale, alimshusha na kumtoa kila siku. Maji yalipatikana, yenye chumvi kidogo. Akina mama walimletea Ndinda mtungi wa kwanza, na hawakukaa kuongea.

Musyoka hakuombwa tena kufanya kazi. Siku nzima alikaa kimya kivulini, wala hakusumbua mtu. Lakini jua lilipoanza kushuka alienda langoni na kushika mti wa lango kwa mikono miwili.

"Kisilu ametoka?"

Kwa hivyo Kisilu alipita pale kila jioni kabla ya kwenda kwake. Alikuja na vumbi lake, akasimama mbele ya kaka yake, akamwonyesha viganja vya mikono. Siku nyingine Musyoka aliridhika upesi. Siku nyingine alimgusa uso na mabega na kusema huyu si yeye, huyu ametumwa tu, na Kisilu aliketi chini na kumsimulia mambo ya utoto wao, mzaha juu ya mzaha, mpaka kaka yake akacheka. Mke wa Kisilu alilalamika kwamba chakula kinapoa. Kisilu alikula kikiwa baridi.

Kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaja, na Kisilu akapata kazi upande wa Nunguni. Jioni moja mto ulijaa, na hakuweza kuvuka.

Musyoka alisimama langoni mpaka shati likamgandama mwilini. Ndinda alimfuata na gunia la kujifunika mvua. Alimwekea mabegani, naye hakuligundua.

"Kisilu ametoka?"

"Ametoka."

"Sijamwona."

"Ametoka mapema. Amekwenda kwake kwa sababu ya mvua."

Mikono yake ilikuwa imekaza mti wa lango hadi vifundo vimekuwa vyeupe. Ndinda aliona kwamba alikuwa akijaribu kulifuata jambo fulani, kulishika mwanzo na kulipeleka mwisho, na kwamba lilikuwa likimponyoka njiani.

"Nani alimtoa?" aliuliza.

Nyuma yao, mlangoni, Kalunde alikuwa amesimama akisikiliza.

"Wewe," Ndinda alisema. "Wewe ndiye uliyemtoa. Ulimvuta mpaka juu."

Musyoka alifikiri. Alikitoa kidole kimoja kwenye mti wa lango, kisha kingine, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba mzigo umefika chini. Ndinda alimngoja mpaka mikono yote miwili ikawa mitupu, ndipo akaishika na kumwongoza ndani.